Kwa Yule Anayetaka Kutunga Hadithi

Katika nyumba nyingi mna daftari lililofichwa sandukuni, chini ya nguo. Ndani yake imo hadithi iliyoanzwa vizuri, ikafika ukurasa wa nne au wa tano, ikaachwa. Mwenyewe aliisoma tena, akaona haya, akasema: «Kazi hii ni ya watu wenye elimu kubwa.» Leo twataka kusema na mtu huyo. Wazee waliotusimulia jioni kando ya moto wanapungua mwaka kwa mwaka, na mambo ya nyumba zetu tusipoyaandika sisi wenyewe, nani atatuandikia?

Ndugu, nawe mama unayependa kalamu, msiogope kwa sababu kazi yenu ni ndogo. Shaaban Robert wa Tanganyika alikuwa karani wa serikali kwa miaka mingi. Hata hivyo, alipokufa mwaka 1962 alikuwa ametuachia mashairi na hadithi zinazosomwa mpaka leo.

Anza na yaliyo karibu

Mwanafunzi wa kazi hii hupenda kwenda mbali. Huandika juu ya wafalme na miji asiyoijua, naye msomaji hutambua mara moja. Tumtazame Paul Lomami Tshibamba, aliyezaliwa Brazzaville mwaka 1914. Hadithi yake Ngando, yaani mamba, ilipata tuzo huko Brussels mwaka 1948. Yasimulia nini? Mtoto anaacha shule na kwenda mtoni, mamba anamchukua, baba yake anajitahidi kumrudisha. Mto, mamba, hofu ya mzazi: vyote hivyo watu wa mji wake walivijua. Nawe unayo soko lako, ziwa lako, kilima chako. Anzia hapo.

Usihubiri, onyesha

Hili ndilo neno kubwa tunalotaka mlikumbuke. Tuseme unataka kuandika juu ya baba anayekunywa mshahara wake. Usiandike: «Ulevi ni mbaya, huharibu nyumba.» Msomaji amekwisha kuyasikia hayo mara mia. Andika kwamba siku ya mshahara mama aliinjika sufuria ya maji, akangoja unga. Maji yalichemka, yakapungua, akaongeza mengine. Watoto walikaa mlangoni wakitazama njia. Baba alirudi usiku akiimba. Sufuria ilikuwa bado motoni, na mama hakusema neno.

Hapo nyamaza. Ukiongeza maelezo, utamnyang'anya msomaji kazi yake, maana yeye mwenyewe amekwisha kuhukumu moyoni.

Tena, baba huyo asiwe mwovu mtupu. Labda ameshika mkononi kipande cha samaki kilichofungwa katika karatasi, kwa kuwa aliwakumbuka watoto njiani. Jambo dogo kama hilo humfanya awe mtu kweli, na huzuni ya hadithi huzidi. Kila mmoja naye apewe usemi wake: bibi asiseme kama mwalimu, wala mtoto asiseme kama hakimu.

Maliza, kisha rudia

Usisahihishe ukurasa wa kwanza mara kumi kabla ya kufika mwisho. Maliza kwanza, hata vibaya. Kisha weka kazi kando wiki mbili, uirudie kama mgeni. Mara nyingi utaona kwamba hadithi inachelewa kuanza: shujaa anaamka, ananawa uso, anakunywa chai, na bado hakuna lililotokea. Futa yote hayo. Halafu umsomee mtu kwa sauti. Usimwulize kama ameipenda, kwa maana atakusifu kwa adabu. Tazama tu ni wapi anapoanza kugeuza macho. Hapo pana maneno ya kukata.

Na sharti uwe na nakala ya pili. Mwaka 1957 Chinua Achebe wa Nigeria alituma London kwa posta nakala moja tu, iliyoandikwa kwa mkono, ili ipigwe kwa mashini. Miezi ikapita bila jibu, hata mwenzake wa kazi aliyekuwa akienda Uingereza akaifuatia. Ilikuwa hadithi ya Things Fall Apart, iliyotolewa mwaka 1958 na kusomwa duniani kote. Ilikaribia kupotea! Siku hizi hata picha za simu za kila ukurasa zaweza kukuepusha na hasara hiyo.

Labda utasema huna nafasi, kwa kuwa kuna shamba, kazi na watoto. Twakubali. Lakini ukurasa mmoja kila Jumamosi ni kurasa 52 kwa mwaka, na hiyo ni hadithi nzima. Haba na haba hujaza kibaba. Basi, Jumamosi ijayo, watoto wakiisha kulala, kaa mezani uandike ukurasa wako wa kwanza.