Dikembe Mutombo, mlinzi wa kikapu

Mwombeni mwalimu awasaidie kupima ukuta wa shule yenu. Anzeni chini, mpande mita 3 na sentimita 5, kisha mtie alama ya chaki. Hapo juu ndipo panapotungikwa kikapu katika mchezo wa mpira wa kikapu. Mchezo huu ulianzishwa huko Marekani na mwalimu mmoja mzaliwa wa Kanada, jina lake James Naismith, katika mwaka wa 1891. Yeye alitungika vikapu vya matunda, na wanafunzi wake wakashindana kutia mpira ndani. Siku hizi hakuna kikapu cha kweli, ila pete ya chuma yenye wavu. Lakini jina limebaki. Kila upande una wachezaji 5 uwanjani.

Sasa pimeni tena, mita 2 na sentimita 18. Hicho ndicho kimo cha Mkongo mmoja aliyejulikana duniani kote, Dikembe Mutombo. Kama angefika kwenu Butembo au Beni, angeinama sana ili aingie mlangoni.

Mutombo alizaliwa Kinshasa tarehe 25 Juni 1966, katika nyumba ya watoto wengi. Baba yake alifanya kazi ya shule. Kijana mwenyewe alitamani kuwa daktari, akasoma kwa bidii katika koleji ya Boboto. Wakati ule alipenda mpira wa miguu. Alipokuwa na miaka 16, baba yake na ndugu yake waliona kimo chake, wakamhimiza kujaribu mpira wa kikapu.

Katika mwaka wa 1987 alikwenda Marekani, kwenye chuo kikuu cha Georgetown, chuo cha mapadri Wayesuiti katika mji wa Washington. Alikwenda kwa ajili ya masomo ya uganga, wala si kwa ajili ya mchezo. Kiingereza alikijua kidogo tu, ikambidi kukisoma kwanza. Lakini mwalimu wa mchezo wa chuo kile, John Thompson, alimwona, akamwita katika kundi lake. Mutombo aliacha njia ya uganga. Hata hivyo hakuacha kusoma. Alisoma lugha na kazi ya ubalozi, akapata shahada yake.

Katika mwaka wa 1991 kundi la Denver Nuggets lilimchagua, naye akaanza kucheza kwa mshahara. Kazi yake kubwa ilikuwa kulinda. Mpinzani alipotupa mpira, Mutombo aliruka na kuupiga kabla haujafika kwenye kikapu. Je, mnadhani ni kazi rahisi kwa mtu mrefu? Sivyo. Sheria inasema kwamba mpira ukiisha kuanza kushuka kuelekea kikapuni, mlinzi haruhusiwi kuugusa. Akiugusa, unahesabiwa kana kwamba umeingia. Tena akimpiga mpinzani mkononi, ni kosa. Kwa hiyo mlinzi lazima ajue saa yenyewe ya kuruka. Akiwahi mno, anadanganywa, akichelewa, amekosa.

Mutombo aliijua saa hiyo. Alipokwisha kuzuia mpira, alitikisa kidole kimoja, kama mama anayemkataza mtoto kugusa chungu cha moto. Waamuzi walimwadhibu kwa kuwatikisia wapinzani kidole, basi akawatikisia watazamaji.

Katika mwaka wa 1994 Denver walikutana na Seattle, kundi lenye nguvu kuliko wao. Atakayeshinda mara 3 ndiye angeendelea mbele. Denver walishindwa mara mbili za kwanza, na watu wakasema mambo yamekwisha. Lakini wakashinda mara 3 zilizofuata. Mchezo wa mwisho ulipokwisha, Mutombo alilala chini, ameshika mpira kwa mikono miwili juu ya kichwa, akicheka kwa furaha.

Alicheza miaka 18, katika makundi 6. Alizuia mipira 3,289. Mara 4 alitajwa kuwa mlinzi bora wa mwaka. Mara mbili, 2001 na 2003, alifika mchezo wa mwisho wa kugombea ubingwa, na mara zote mbili kundi lake lilishindwa. Katika mwaka wa 2009, akiwa na miaka 42, aliumia goti, akaacha kucheza.

Lakini sikilizeni jambo lililo kubwa kuliko mchezo. Mama yake, Biamba Marie, aliugua Kinshasa katika siku za machafuko. Njia zilifungwa, hakuweza kufikishwa hospitali, akafa. Watoto wa Beni wanajua maana ya njia kufungwa. Mutombo alilia, kisha akaazimia kujenga hospitali katika mji aliozaliwa. Kazi ilichukua miaka mingi. Yeye mwenyewe alitoa dola milioni 15. Katika mwaka wa 2007 hospitali ilianza kupokea wagonjwa, yenye vitanda 300, nayo ikapewa jina la mama yake. Watu wa Butembo na Beni, walioona ugonjwa wa Ebola tangu 2018 hadi 2020, hawahitaji kuelezwa thamani ya hospitali.

Mutombo alikufa tarehe 30 Septemba 2024 kwa kansa ya ubongo. Alikuwa na miaka 58. Hakupata kuwa daktari. Lakini wagonjwa wa Kinshasa wametibiwa kwa mali aliyoipata kwa jasho lake.

Wakongo wengine wamefuata njia ile. Jonathan Kuminga, aliyezaliwa Goma katika mwaka wa 2002, alichaguliwa na Golden State Warriors katika mwaka wa 2021, na mwaka uliofuata kundi hilo likatwaa ubingwa. Goma ni mji wa Kivu yetu ya Kaskazini.

Maulizo
1. Mutombo alikwenda Marekani kwa kusudi gani?
2. Kwa nini urefu peke yake hautoshi kwa mlinzi?
3. Toka utosi wa Mutombo hadi pete ya kikapu ni sentimita ngapi?
4. Kwa nini hospitali ilipewa jina la Biamba Marie?