Wanafunzi wa Mbugangari wanadai basi

USIKU wa kuamkia Mei 3, 2023, mto Sebeya ulifurika ukaingia majumbani mwa watu. Mafuriko na maporomoko ya ardhi ya usiku huo yaliua zaidi ya watu 130 nchini, wengi wao wakiwa wa Mkoa wetu wa Magharibi. Wale mnaofuata karoti na vitunguu Mahoko hamna haja ya kukumbushwa hali ilivyokuwa.

Tangu hapo, kila ninapotoa insha juu ya mazingira, wanafunzi wangu huandika mambo yale yale: tupande miti, tusitupe mifuko ya plastiki. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Rwanda mwaka 2008, kabla wengi wao hawajazaliwa, na wanaijua kwa sababu tu ya ile inayopenyezwa mpakani. Hapo ndugu wafanyabiashara mnisamehe.

Muhula uliopita msichana mmoja alileta insha ya namna nyingine. Aliandika kwamba kama wakubwa wanataka kweli kupunguza moshi, Rubavu ipate mabasi ya kutosha, yenye saa zinazojulikana na nauli ambayo mwanafunzi anaimudu. Yeye anakaa upande wa Rugerero. Siku ya mvua kubwa hulazimika kupanda moto, kama tunavyoziita pikipiki za abiria huku kwetu, kwa fedha ambayo mama yake alikuwa ameitengea sabuni na chumvi.

Nilicheka kidogo, nakiri. Nilimwambia kwamba nauli ni suala la uchumi, hali ya hewa ni somo jingine. Akaniomba tupige hesabu ubaoni.

Tukapiga. Gari aina ya Coaster hubeba abiria 29. Abiria hao wakipanda pikipiki, zinahitajika pikipiki 29. Tuseme kila moja inakula lita 2 tu za petroli kwa kilomita 100, ingawa motari wengi watakwambia inakula zaidi. Hizo ni lita 58. Coaster iliyojaa, hata tukiihesabia lita 20, bado imetumia karibu theluthi moja tu. Darasa lilinyamaza, na mimi nikakaa chini.

Kwa mujibu wa jopo la wanasayansi wa Umoja wa Mataifa, usafiri hutoa karibu asilimia 15 ya gesi zinazoongeza joto duniani. Sehemu kubwa ya gesi hizo inatoka kwa matajiri wa mbali, siyo kwetu. Lakini hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, inaweza kubeba unyevu zaidi kwa asilimia 7 hivi, na unyevu huo siku moja hushuka kama mvua. Hakuna mwanasayansi makini atakayekwambia kwamba moshi wa gari fulani ndio uliojaza Sebeya. Atakwambia tu kwamba mvua za namna ile zinatarajiwa kuongezeka.

Msichana wetu hayuko peke yake. Jirani zetu Uganda, Hilda Flavia Nakabuye, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Kampala, alisimama barabarani na mabango, na Oktoba 2019 akawahutubia mameya wa miji mikubwa ya dunia huko Copenhagen. Nako Ujerumani, Machi 3, 2023, vijana wanaopigania hali ya hewa waliandamana pamoja na madereva wa mabasi waliokuwa katika mgomo wa kudai mishahara. Vijana hao walikuwa wameelewa kwamba bila dereva anayelipwa vizuri, basi halitafika.

Mfano huo wa Ujerumani ndio niliowasomea wanafunzi, kwa sababu hapa kwetu motari ni kaka zao. Kadhaa ni wanafunzi wangu wa zamani. Tukidai basi kana kwamba motari ni adui, tumeshindwa kabla ya kuanza. Kigali wameanza kutafuta njia: kuanzia Januari 2025, pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa huko zinatakiwa kuwa za umeme. Mabasi ya umeme nayo yaliingia Kigali mwishoni mwa 2023. Lakini Machi 2024 serikali iliondoa ruzuku ya nauli iliyokuwapo tangu 2020, na wenye kipato kidogo wakaonja ukali wake. Basi safi ambalo mtu hawezi kulilipia litampita tu kituoni.

Hili la nauli nalijua tangu utotoni. Nilisoma uhamishoni, Dar es Salaam, miaka ya tisini. Nauli ya mwanafunzi ilikuwa ndogo kuliko ya mtu mzima, kwa hiyo konda akiona sare ya shule alifunga mlango kwa mguu. Mara ngapi nimefika darasani saa tatu nikachapwa kwa kosa la konda! Leo jiji hilo lina mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza Mei 2016 na kuipatia Dar tuzo ya kimataifa ya usafiri ya mwaka 2018. Baadaye abiria walilalamika sana kuwa mabasi ni machache na foleni vituoni ni ndefu. Kwa hiyo kuzindua ni jambo moja, kuendesha ni jingine.

Wanafunzi sasa wanaandika barua kwa uongozi wa Wilaya. Wanaomba mambo matatu: basi la asubuhi na jioni lenye saa maalumu kutoka Mahoko hadi mjini, nauli ya mwanafunzi ambayo mwenye gari atafidiwa tofauti yake, na kituo cha kubadilishia betri za pikipiki za umeme ambacho motari wa Rubavu watashauriwa mahali pa kukiweka. Niliwashauri waioneshe kwanza kwa wazazi.

Mama mmoja anayevuka kila siku Barière ndogo na bidhaa zake aliisoma mara mbili. Aliuliza mwenye kapu la kilo 40 atakaa wapi katika basi hilo. Hakuna aliyekuwa na jibu. Wanafunzi wameirudisha barua darasani na wameongeza ombi la nne: sehemu ya mizigo.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu, mkazi wa Mbugangari, Rubavu.