SUV Ndogo Kati ya Vumbi la Riyadh na Chumvi ya Jeddah

Dereva aliyezoea Nairobi au Dar es Salaam akikabidhiwa SUV ndogo mpya mjini Riyadh, mkono ndio humsaliti kwanza: anataka kukata kona, waipa zinafuta kioo kikavu. Magari ya Kijapani yanayoletwa Afrika Mashariki yana usukani kulia na indiketa upande huohuo. Ya Saudia yana vyote kushoto. Mkono huzoea upesi. Jicho huchelewa, hasa kwenye kipilefti, maana magari ya kuyapisha sasa hutokea kushoto. Mwanamke wa Saudia aliyejifunza kuendesha baada ya marufuku kuondolewa Juni 24, 2018, hana mazoea hayo ya kuyavua.

Kazi kubwa zaidi ni kulijua gari kulingana na mji linamolala.

Riyadh iko bara, na kiangazi joto hupita nyuzi 45. Injini ndogo hugawana nguvu zake na kompresa ya AC, kwa hiyo gari likipanda daraja huku AC imefunguliwa mpaka mwisho huvuta kwa uzito. Mwenye gari hudhani ameuziwa bovu, kumbe ni hali ya kawaida. AC ikipoteza ubaridi kwenye foleni baada ya dhoruba ya vumbi, hilo ndilo la kushughulikia. Kondensa yake hukaa mbele ya rejeta, na mchanga ukiziba hapo zote mbili hukosa hewa.

Tairi linastahili uangalifu kuliko yote. Upepo upimwe alfajiri, gari likiwa halijatembea. Anayepima tairi lililochemka huona kipimo kimepanda, akapunguza. Likipoa, linakuwa chini ya kiwango. Tairi legevu hupindapinda, kule kupinda huzaa joto, na joto hulipasua. Kutoka Riyadh hadi Jeddah ni kilomita 950 hivi, na sehemu za barabara ya kuelekea Taif huruhusu kasi ya 140 kwa saa. Kwa kasi hiyo, uzembe wa dakika 5 asubuhi unaweza kuua familia nzima.

Jeddah ina adha nyingine. Usiku wa unyevunyevu, hewa baridi ya AC ikipiga kioo cha mbele, ukungu hujikusanya upande wa nje, na kitambaa cha ndani hakisaidii kitu: washa waipa, kisha elekeza hewa mbali na kioo. Chumvi ya Bahari ya Shamu nayo hula chuma cha chini, kwa hiyo uvungu wa gari uoshwe pia.

Halafu kuna mafuriko. Mvua ya Novemba 25, 2009 iliua watu zaidi ya 100 jijini humo na kusomba maelfu ya magari. Urefu wa SUV humdanganya mwenyewe: maji ya kasi yenye kina cha sentimita 60 hubeba magari mengi, SUV zikiwamo. Hata maji yaliyotulia yana hatari, kwani yakivutwa kwenye njia ya hewa huingia ndani ya silinda, na kwa kuwa hayabanwi kama hewa, konirodi hupinda. Gari likizimika majini lisijaribiwe kuwashwa tena; livutwe hadi gereji, fundi akalikague kwanza.