Mhasibu anayetaka kuwa daktari: achague programu gani ya maandalizi?

Una shahada ya biashara, umeshavuka miaka 30, na moyo hautaki tena vitabu vya hesabu, unataka udaktari. Utaanzia wapi?

Swali hili nililetewa na dada mmoja anayeishi Minnesota. Alisoma uhasibu Dar es Salaam, akahamia Marekani kwa grini kadi, na sasa anafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Anawaogesha, anawageuza kitandani, anawapima presha. "Kila usiku mimi ndiye ninayempigia daktari simu," aliniambia. "Nikajiuliza, kwani mimi siwezi?" Alinitafuta kwa sababu nafundisha maabara ya kemia chuoni. Fomu ya programu moja alikuwa ameshajaza, bado kulipa tu. Nikamwambia dada, subiri kwanza, tupige hesabu.

Tuanze na mfumo wenyewe. Kwetu Tanzania mtu anaingia udaktari akitoka kidato cha sita na fizikia, kemia na baiolojia, anasoma miaka 5. Marekani unatakiwa kwanza uwe na shahada ya fani yoyote, hata muziki, ndipo uombe shule ya udaktari ya miaka 4. Ila shule nyingi zinadai uwe umesoma baiolojia, kemia ya msingi, kemia ya kaboni na fizikia, kila moja kwa mwaka mzima pamoja na maabara, na mara nyingi bayokemia juu yake. Halafu kuna mtihani wa MCAT, ambao alama zake zinaanzia 472 hadi 528. Programu za maandalizi zipo kwa ajili ya wenye shahada ambao hawakuyasoma masomo hayo. Wenyewe wanazifupisha kwa kuziita postibaki.

Sasa, unachaguaje? Mimi naangalia mambo manne.

La kwanza, programu ni ya nani? Zipo za wanaobadili fani, na zipo za waliosoma sayansi wakapata alama hafifu, wanaotaka kuzipandisha. Majina yanafanana, lakini kazi ni tofauti kabisa. Programu za Bryn Mawr kule Pennsylvania na Goucher kule Maryland ni za wanaobadili fani. Ukiingia kwenye darasa la waliokwisha kusoma kemia miaka minne, utazama wiki ya pili.

La pili, muda. Kemia haina njia ya mkato: ya msingi inatangulia ya kaboni, ya kaboni inatangulia bayokemia. Huwezi kuelewa kwa nini molekuli inavunjika kama hujui elektroni zinakaa wapi. Programu za haraka zinaanza kiangazi na kumaliza kwa takriban mwaka mmoja, lakini unasoma kutwa nzima na kazi unaiacha. Anayefanya kazi anahitaji miaka miwili au zaidi, kwa masomo ya jioni kama yale ya Harvard Extension School, au kwa kujisajili kozi mojamoja chuo cha karibu. Tena maombi ya shule ya udaktari hutumwa karibu Juni ya mwaka unaotangulia. Kwa hiyo anayeanza Septemba 2026 na kumaliza Mei 2028 ataingia udaktari Agosti 2029. Kuna mwaka mzima hapo katikati wa kungoja. Baadhi ya programu zina makubaliano na shule fulani za udaktari kwamba mwanafunzi anayefanya vizuri aingie moja kwa moja bila kungoja. Uliza kama makubaliano hayo yapo na masharti yake ni yapi.

La tatu, alama. Hapa wengi wetu tunashtuka. Mfumo wa maombi unaotumiwa na shule nyingi, AMCAS, hauingizi kwenye GPA masomo uliyosoma nje ya nchi. Shahada yako ya Dar unaitaja, lakini alama zake hazihesabiwi. Maana yake unaanza na karatasi nyeupe, na kila doa linaonekana. Tuseme umesoma krediti 32, zote A isipokuwa kozi moja ya krediti 4 uliyopata C. GPA yako ni (28 × 4 + 4 × 2) ÷ 32, yaani 3.75. Kozi moja tu imekushusha hivyo! Na ukiirudia, alama zote mbili zinahesabiwa. Ndiyo maana usijaze masomo matatu ya sayansi huku unalala saa nne kwa siku. Zaidi ya hapo, shule nyingi hazitambui shahada ya nje peke yake, zinataka ya Marekani au Kanada, au idadi fulani ya krediti za huko. Na nyingi hazipokei asiye raia au asiye na grini kadi. Waulize shule za udaktari unazozilenga kabla hujaiuliza programu.

La nne, takwimu za matangazo. Ukiambiwa "asilimia 90 ya wanafunzi wetu wanapata nafasi", uliza: asilimia 90 ya nani? Chukua mfano: walianza 40, kamati ya chuo ikakubali kuwaandikia barua ya kuwaunga mkono 20 tu, na 18 kati yao wakapokelewa. 18 kwa 20 ni asilimia 90. Lakini 18 kwa 40 ni asilimia 45, na wewe ukilipa ada unakuwa mmoja wa wale 40.

Turudi kwa dada yetu. Tulipoisoma vizuri ile programu yake, tukakuta ni ya watu wenye shahada za sayansi. Angelipa akiba yake yote kwa masomo asiyoweza kuyafuata. Hakulipa. Alipunguza zamu za usiku zikabaki tatu, akajisajili kemia ya msingi peke yake kwenye chuo cha jirani, baada ya kuziandikia shule tatu za udaktari kuuliza kama wanaitambua kozi hiyo.

Hatujui kama atakuwa daktari. Njia ni ndefu: baada ya miaka 4 ya shule kuna mafunzo ya hospitali yasiyopungua miaka 3. Nilimkumbusha kwamba atakuwa amevuka miaka 40. Akacheka: "Miaka 40 nitafika tu, nikisoma nisisome."

Nikakosa la kujibu. Juzi kanitumia picha ya jaribio lake la kwanza. Kapata 88.