Jani Chungu Bado Si Dawa

Hapa kwetu Kigonsera, mtoto akishikwa na homa, wengi wetu huanza na mwarobaini. Tunachuma majani, tunachemsha, tunamnywesha. Je, hiyo ni dawa kweli? Tuone wataalamu wanavyopima.

Malaria huletwa na vimelea. Hivi ni vijidudu vidogo sana ambavyo mbu hutuingizia katika damu.

Kwanza, wataalamu huwauliza wazee na waganga: mti gani, jani au mzizi, hutayarishwaje? Huko Muhimbili, Dar es Salaam, kitengo cha kuchunguza dawa za asili kilianzishwa mwaka 1974.

Pili, hutoa dawa iliyomo katika mmea. Huitia katika vichupa vyenye damu na vimelea, kisha hutazama kama vimelea vimekufa. Lakini hiyo haitoshi. Hata maji ya moto huua vimelea. Nani atayatia katika damu ya mtoto?

Basi tatu, huwajaribu panya, waone kama dawa inadhuru mwili. Mwisho hujaribu kwa watu waliokubali, ili wajue inaponya kwa kipimo gani.

Kutayarisha nako kuna mambo yake. Kule China, Bibi Tu Youyou alichunguza mmea uitwao artemisia. Majaribio ya kwanza hayakufaulu vizuri. Akasoma kitabu cha kale, akakuta kwamba majani yalilowekwa katika maji bila kuchemshwa. Kumbe moto mkali ulikuwa unaharibu dawa! Mwaka 1971 akaitoa kwa moto mdogo, ikaua vimelea vya malaria katika panya. Dawa mseto iliyoanza kutumika nchini mwetu mwaka 2006 ina dawa inayotokana na mmea huo.

Na mwarobaini? Katika vichupa umeua vimelea. Lakini kikombe cha mama huyu ni kikali, cha yule ni maji tu. Kipimo cha kumponya mtoto malaria hakijulikani. Tena mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wadogo.

Ndugu zetu, tusidharau miti yetu wala wazee wetu. Bila wao wataalamu wangeanzia wapi? Lakini malaria haimsubiri mtu. Mtoto akipata homa, tumpeleke zahanati siku ile ile, apimwe damu. Kama tumeshamnywesha majani, tumwambie mganga bila kuficha ni majani gani na kiasi gani. Si aibu. Tutakuwa tumemsaidia kumtibu mtoto wetu.