Kapa Si Hakuna: Somo la Sifuri kwa Mhakiki

Wengi wetu wa fasihi huikimbia kompyuta tukidhani ni mambo ya watu wa hesabu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba watunzi wa programu wamelishughulikia kwa makini swali ambalo sisi hulipita haraka: je, "hakuna kitu" ni kitu gani?

Tuanzie nyumbani. Katika mofolojia tunafundishwa kwamba mahali pa ma- ya "matunda", umoja wake "tunda" una mofimu kapa. Haitamkwi, lakini nafasi yake ipo. Basi, programu za kifunksheni, yaani zinazojengwa kwa kuunganisha funksheni, nazo zina kapa zao.

Chukua ubeti wa tarbia wenye mizani 16 kila mshororo. Kompyuta ikijumlisha mizani ya mishororo 4, huanzia 0, kwani 0 haibadilishi jumla. Ikizidisha 4 kwa 16, haiwezi kuanzia 0 hata kidogo. Yote yatageuka sifuri. Huanzia 1. Na ikiunganisha mishororo yenyewe kuwa ubeti, huanzia maandishi matupu. Kazi tatu, kapa tatu. Katika lugha ya Haskell zote huitwa mempty. Aina ya data ndiyo huamua ni kapa ipi itokee.

Lakini si kila kazi ina kapa. Uliza jumla ya mizani katika ubeti usio na mshororo: utajibiwa 0. Uliza mshororo mrefu kuliko yote humo: maximum ya Haskell husimama na kutoa kosa. Ndiyo maana tangu 2018 Haskell hudai kila Monoid, yaani vitu vinavyoungana na vyenye kapa, iwe kwanza Semigroup, yaani vinavyoungana tu.

Sasa njoo kwenye majina, uwanja wetu hasa. Katika lugha ya Scala, maktaba ya Scalaz huiita kapa hiyo zero. Cats huiita empty. Kwa jina la kwanza, "sifuri" ya kuzidisha ni 1! Jina limechukuliwa kutoka kazi moja likabebeshwa zote.

Tena kapa moja yaweza kuwa na sura mbili. Unganisha orodha ya wahusika 3 na orodha tupu: unabaki na wahusika 3. Oanisha kila mhusika na kila tukio, na matukio hayapo: hupati hata jozi moja. Orodha tupu ileile, kwanza imenyamaza, halafu imemeza wote.

Hapa ndipo penye somo letu. Tunapokuta mhusika amenyamaza jukwaani, tunakimbilia kuandika "ukimya ni upinzani" au "ukimya ni unyonge", kana kwamba maana imo ndani ya ukimya wenyewe. Jamani, tuulize kwanza: ukimya huu umeunganishwa na nini, na kwa kazi gani? Mhakiki asiyeuliza hivyo anaanzia 0 mahali pa kuzidisha, kisha anamlaumu mwandishi kwamba kazi yake haina kitu.