Pimbi Si Panya: Undugu wa Mamalia Hausomwi kwa Umbo

Ukiuliza mamalia ni mnyama gani, wengi watataja miguu minne na kuzaa. Lakini miguu minne inawaacha nje popo na nyangumi, na kuzaa nako hakutoshi, kwa kuwa Australia wako mamalia wanaotaga mayai. Alama isiyokosekana ni maziwa: katika aina zote, zaidi ya 6,000, jike hunyonyesha. Basi ikiwa umbo linatupoteza hata katika kuwatambua mamalia, litatupoteza zaidi tukilitegemea kujua nani ni ndugu wa nani miongoni mwao.

Mwangalie pimbi anayeota jua asubuhi juu ya majabali ya Serengeti. Kwa kimo chake, watu humhesabu kuwa jamaa ya panya au sungura, ilhali ndugu zake wa karibu ni tembo na nguva. Meno yake mawili ya mbele, juu, ni marefu yenye ncha na hayaachi kukua. Pembe za tembo nazo ni meno ya mbele, si chonge kama za ngiri. Vidole vya pimbi vina kucha bapa mfano wa vikwato, isipokuwa kimoja cha mguu wa nyuma chenye kucha ndefu ya kuchania manyoya. Korodani za dume hubaki tumboni maisha yote, sawa na za tembo. Jike hubeba mimba kwa takriban miezi 7, akazaa mtoto mwenye manyoya na macho wazi. Panya hubeba wiki tatu tu, na watoto wake huzaliwa vipofu, uchi kabisa.

Mtu atapinga kwamba hata meno ya panya hayaachi kukua. Ni kweli, na ndiyo maana sifa moja haithibitishi undugu: inaweza kuzuka mara mbili katika koo mbalimbali. Sifa nyingi zikikubaliana, na vinasaba vikaziunga mkono, hoja inasimama. Wala haisemwi kwamba tembo alitokana na pimbi. Wote wawili walitokana na mzazi mmoja wa kale. Tofauti ya kimo nayo si kikwazo. Visukuku vya Fayum, Misri, vyenye umri wa zaidi ya miaka milioni 30, vinaonyesha pimbi wa kila kimo, wengine wakubwa kama ng'ombe. Baadaye wanyama wanaocheua walienea Afrika, na wale pimbi wakubwa wakatoweka, wakabaki hawa wadogo wa majabalini na mitini.